Mlio Usiojulikana Katika Motokaa

Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo linalowasumbua wengi wenye motokaa za kisasa, zile kubwa ziendeshwazo kwa magurudumu yote manne: nalo ni mlio uanzao chini ya gari, wala mwenyewe hajui watoka wapi. Gari bado ni jipya, kompyuta yake haiwashi taa yo yote ya hatari, lakini kila safari mlio upo.

Sisi ni walimu, si mafundi. Lakini kelele twaijua. Mwalimu asikiapo kelele darasani hamwadhibu mtoto wa kwanza aliyemwona. Hutazama yaanza lini, yanyamaza lini, na yamfuata nani. Mlio wa motokaa ni vivyo hivyo: una kitu unachokifuata. Tukikijua hicho, tumekwisha kuijua nusu ya habari.

Kwanza tuijue njia ya nguvu. Nguvu hutoka katika injini, hupita katika giaboksi, kisha hugawanywa mbele na nyuma. Ile iendayo nyuma huchukuliwa na propela, yaani mti mrefu wa chuma unaozunguka chini ya gari, mpaka kwenye difu, lile sanduku la meno lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Toka difu, ekseli mbili hupeleka nguvu kwenye magurudumu, na kila gurudumu huzungukia beringi yake. Kelele yaweza kuanza mahali po pote katika njia hii. Basi yatupasa kuuliza maswali kwa taratibu, tukibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Swali la kwanza: je, mlio wafuata injini au wafuata magurudumu? Simamisheni gari mahali pa sawa, vuteni breki ya mkono, wekeni gia huru, kisha kanyageni mafuta kidogo. Mlio ukisikika hali gari limesimama, magurudumu hayana hatia. Usiposikika, endesheni kwa mwendo mmoja, tuseme kilometa 60 kwa saa, kwanza kwa gia moja, kisha kwa gia nyingine. Mizunguko ya injini itabadilika. Ya magurudumu haitabadilika. Mlio ukibaki vile vile, basi umo katika propela, difu, ekseli, beringi au tairi. Lakini mtu asithubutu kuzima injini hali gari linakwenda, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake.

Swali la pili: je, mlio wajali mzigo? Kanyageni mafuta, kisha achieni. Mvumo wa difu mara nyingi hubadilika hapo, kwa kuwa meno yake hugeuza upande yanaposukumana. Beringi ya gurudumu na tairi hazijali sana. Na kama gari lagonga mara moja, "ko!", kila litokapo gia ya mbele kwenda ya nyuma, fundi na azitazame krosi za propela.

Swali la tatu: je, mlio wabadilika gari linapokata kona? Ukisikia "ka-ka-ka" kwenye kona kali kwa mwendo wa pole, tazama viungo vya ekseli za mbele. Huenda mfuko wa mpira umepasuka, grisi imemwagika na mchanga umeingia. Mvumo ukizidi gari lielemeapo upande mmoja, ishuku beringi ya upande ule uliolemewa: ukikata kulia, mzigo huenda kushoto. Tena kuna mlio wa kuguna gari ligeuzwapo mahali pembamba. Katika Honda CR-V ya magurudumu manne, mguno huo mara nyingi hutokana na oili ya difu ya nyuma iliyochakaa. Difu hiyo yataka oili yake maalum, na huenda kubadili oili tu kukaunyamazisha. Mtu asiyejua hilo aweza kununua difu nzima kwa ajili ya chupa mbili tatu za oili.

Swali la nne: je, mlio wajali barabara? Hapa tutatoa ushuhuda wetu wenyewe. Gari la chuo chetu, lenye umri wa miaka mitatu, lilianza kuvuma nyuma kila lilipopita mwendo wa kilometa 50 kwa saa. Tukaambiwa ni beringi. Tukanunua mbili, zikatiwa, na mvumo ukabaki. Tukaambiwa sasa ni difu. Fedha hizo zilikuwa za vitabu vya wanafunzi, na kabla ya kuzitoa tulikumbuka kuuliza. Tukatoka kwenye lami tukaingia barabara ya changarawe: mvumo ukapotea. Tukahamisha tairi za nyuma tukazipeleka mbele: mvumo nao ukahamia mbele. Tulipozipapasa tairi kwa kiganja, tuliona zimelika kama meno ya msumeno. Difu haikuwa na kosa lo lote.

Lakini msidhani twasema kila mvumo ni tairi. Beringi iliyokwisha kulegea yaweza hata kuliachia gurudumu safarini. Kwa hiyo gari na liinuliwe, gurudumu litikiswe kwa mikono juu na chini. Likicheza, lisiendeshwe mpaka fundi amelipima. Wala mtu asilitie moto gari la namna hii hali ekseli moja tu imeinuliwa kwa jeki, maana magurudumu yaliyo chini yaweza kushika na kulirusha gari.

Mtauliza, je, kompyuta ya gari haitatuambia? Kompyuta husema yale tu yaliyowekewa vipimo. Beringi ikianza kuvuma haina wa kuisemea ila sikio la mwendeshaji.

Basi, kabla ya kwenda kwa fundi, andikeni katika karatasi: mlio waanza mwendo gani, wabadilika kwa mafuta, kwa kona au kwa barabara, na tangu lini. Kisha mpandisheni fundi garini mwende naye, asikie mwenyewe. Fundi mwema atafurahi, na fundi mvivu hatapata nafasi ya kubahatisha kwa fedha yenu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza na tuhakikishe ufa u wapi, tusije tukaziba palipo pazima.