Je, Wajua? Nani Huamua Wasichana Wasome Katuni Gani

Ndera ni mojawapo ya sekta 15 za Wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Kabla katuni haijafika mikononi mwa msichana wa huko, mtu amelipia karatasi, mwingine amepanga bei, na wa tatu ameamua izungumze lugha gani. Je, wajua kwamba:

• Jarida la wasichana la Rwanda, Ni Nyampinga, lilianza 2011 na kugawiwa bure? Lilitoka Girl Hub Rwanda, mradi wa Nike Foundation na serikali ya Uingereza, likaandikwa na wasichana wenyewe, huku kipindi chake cha redio kikiwafikia wasiopata nakala.

• Bure nayo ina mwenyewe? Mradi ndugu wa huko Ethiopia, Yegna, ulikatiwa fedha za Uingereza Januari 2017, baada ya magazeti ya London kuushambulia. Uamuzi huo haukutoka kwa wasikilizaji wake.

• Editions Bakame, iliyoanzishwa Kigali mwaka 1995, ilichagua kuwachapishia watoto kwa Kinyarwanda, ingawa soko la Kifaransa ni kubwa zaidi? Mwaka 2008 ilipata tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi ya kuhamasisha usomaji.

• Katuni ya Kenya, Shujaaz, iliyoanza 2010 kwa Sheng, haikusubiri wanunuzi madukani? Iliwekwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kugawiwa kwenye vibanda vya M-Pesa. Miongoni mwa mashujaa wake wamo wasichana wawili, Maria Kim na Malkia, lakini mhusika mkuu, mtangazaji Boyie, ni mvulana.

• Katika miaka ya 1990, UNICEF ilimtoa Sara, msichana wa katuni, kwa ajili ya mashariki na kusini mwa Afrika? Alitengenezwa asiwe wa nchi moja tu, ili hadithi ile ile ichapishwe kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

• Uingereza ilikuwa na desturi ya kuunganisha jarida linalolegea na lenye nguvu? Misty, la hadithi za kutisha kwa wasichana, lilizaliwa 1978 na kumezwa na Tammy mwaka 1980. Tammy nalo likatoweka 1984.

• Japani ilichukua njia nyingine? Majarida ya katuni za wasichana, Nakayoshi na Ribon, yaliyoanza katikati ya miaka ya 1950, huja na vijizawadi ndani ya toleo. Hadithi ya Sailor Moon ilianza ndani ya Nakayoshi mwishoni mwa 1991. Miezi michache baadaye mfululizo wake wa katuni ulikuwa kwenye televisheni, na vichezeo vyake vikafuata.

• Kampuni ya DC ya Marekani ilifungua tawi la wasichana, Minx, mwaka 2007 na kulifunga 2008? Vitabu vilikuwepo, shida ilikuwa kuvipatia nafasi kwenye rafu za vijana katika maduka ya vitabu.

• Miaka miwili baadaye, Scholastic ilitoa Smile ya Raina Telgemeier, kisa cha msichana na meno yake, ikakiuza pia kwenye maonyesho ya vitabu shuleni? Kikawa miongoni mwa vitabu vya katuni vinavyouzwa sana Marekani. Kwa hiyo mchapishaji akikuambia wasichana hawapendi katuni, muulize kwanza aliziweka wapi.