Kwa nini bao linachelewa kwenye simu yako?

Jirani mwenye king'amuzi ameshashangilia bao. Wewe unayetazama kwenye simu bado unaona mpira uko katikati ya uwanja. Mechi ni ile ile, ila njia ni mbili.

Mnara wa televisheni hurusha mawimbi mara moja, na kila mwenye antena huyapokea, wawe kumi au elfu kumi. Kwenye intaneti, kila mtazamaji hutumiwa nakala yake. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na simu huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha. Hapo ndipo muda unapopotea.

Nakala zote zikitoka Ulaya, njia husongamana. Ndiyo maana huwekwa seva za karibu zinazotunza nakala. Ni kama Tabora ya zamani: misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliweka merikani na shanga kwenye maghala ya Unyanyembe, ili mwenye shida asirudi Pwani kila mara.

Lakini seva ya karibu haipunguzi matumizi ya bando. Kipande kikifika kwenye simu kinahesabiwa, kiwe kimetoka Dar es Salaam au London. Na mnara wa simu mnagawana kijiji kizima. Wengi wakitazama pamoja, picha hukwama.

Ufanye nini? Shusha ubora wa picha hadi 240 au 360. Kama king'amuzi kipo, mechi itazame huko. Bando litunze kwa kipindi ulichokosa.