Je, Wajua? Spika Iliyonyamaza Huenda Haijafa

Je, wajua kwamba mngurumo mzito unaotoka kwenye spika hata filamu ikiwa imesimamishwa mara nyingi ni umeme wenyewe? Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na spika hutoa mlio wa hezi 50 au 100. Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, mlio huo huwa juu kidogo.

Wa kwanza kushukiwa ni waya wa dishi. King'amuzi kimeungana na chuma kilicho juu ya paa, amplifaya imeungana na ethi ya soketi; ardhi zikiwa mbili, mkondo mdogo hupata njia ya kuzunguka kupitia nyaya za sauti. Zima king'amuzi, chomoa waya wa dishi, kisha sikiliza. Mngurumo ukikatika, umepata chanzo: mwite fundi umeme aunganishe ardhi ya dishi na ya nyumba. Wapo wanaokata pini ya ethi kwenye plagi ili kelele iishe. Usimruhusu mtu afanye hivyo nyumbani kwako, hata kama ni fundi unayemwamini. Pini hiyo ndiyo itakayomwokoa mtoto aliyegusa bodi ya chuma ya amplifaya siku umeme utakapovuja.

Na ule mlio wa kukatakata unaoingia kwenye spika sekunde chache kabla simu haijaita? Simu inapotumia mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa vipande, takriban vipande 217 kwa sekunde, na waya wa sauti ulio karibu huyadaka. Iondoe simu juu ya amplifaya.

Je, wajua kwamba katika seti ya spika 5 na moja ya besi, karibu maneno yote ya waigizaji hupita kwenye spika ya katikati? Ndiyo maana mtu husikia muziki na milipuko vizuri kabisa huku midomo ikicheza bila sauti. Waya wa spika hiyo umechomoka, au mtambo umeambiwa kuna spika 5 wakati sebuleni zipo 2 tu. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya runinga au king'amuzi, chagua stereo au PCM, na maneno yatarudi. Kama maneno yapo lakini ni ya kunong'ona ilhali bunduki zinatikisa madirisha, tafuta kwenye rimoti kitufe cha hali ya usiku: hupunguza sauti kubwa na kupandisha ndogo.

Spika mbili nzima zinaweza kuuana besi. Ukigeuza nyaya za spika moja, nyekundu kwenye nyeusi, koni moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti nzito hufutana katikati ya chumba. Jaribio lake ni rahisi. Zima mtambo, toa nyaya kwenye amplifaya, kisha gusisha ncha zake kwa sekunde moja tu kwenye betri ya volti 1.5, chanya kwa chanya. Koni ya besi ikiruka kuja mbele, waya uko sawa. Ikirudi ndani, umegeuzwa. Nashauri kila mtu alifanye kabla ya kununua spika mpya, kwa sababu kosa hili halitoi kelele wala moshi, na mwenye seti anaweza kuishi nalo miaka akidhani ameuziwa kitu dhaifu.

Amplifaya inayowaka, ikaandika PROTECT na kuzima, inajilinda. Uzi mmoja wa shaba uliochomoza na kugusa tundu la jirani unatosha. Chomoa spika zote, iwashe tupu. Ikikaa, rudisha moja moja kila baada ya kuizima. Ikizima hata ikiwa tupu, basi ni ya fundi.

Je, wajua kwamba si kila tundu la HDMI hurudisha sauti ya runinga kwenye amplifaya? Ni lile tu lililoandikwa ARC, mfumo ulioingia mwaka 2009. Mara nyingi hata hilo halifanyi kazi mpaka uwashe kipengele cha CEC, ambacho Samsung hukiita Anynet+ na LG hukiita Simplink.

Njia nyingine ya kupeleka sauti ya runinga kwenye amplifaya ni waya wa mwanga, uliobuniwa na Toshiba mwaka 1983, ambao huja na vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake. Visipotolewa, hakuna sauti. Ukiuchomoa upande wa amplifaya na kuona nukta nyekundu, runinga inatuma.

Sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 tu, mtazamaji anaweza kugundua. Ikichelewa, hugundua inapofika karibu 125. Bluetooth huweza kuvuka kiwango hicho. Tumia waya.

Je, wajua kwamba namba ya wati za PMPO kwenye katoni haina kipimo cha kimataifa? Kila mtengenezaji hujipimia. Geuza seti, soma kibandiko cha nyuma: inayokula wati 60 ukutani haiwezi kuendelea kutoa wati 5,000 kwenye spika. Nasema wazi, namba hiyo inawaibia watu, na hasara haiishii dukani. Mwenye kuiamini hufungua sauti hadi mwisho, amplifaya ndogo inaishiwa nguvu na kukata vilele vya mawimbi, na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inaungua. Uliza wati za RMS, zile ambazo amplifaya inaweza kuendelea kutoa. Na ili masikio yasikie sauti maradufu, zinahitajika takriban wati mara 10.

Besi inayovuma sehemu moja na kupotea nyingine ni kazi ya kuta. Chumba cha urefu wa mita 4 hukuza sauti ya karibu hezi 43, na kona huzidisha. Weka spika ya besi pale unapokaa, cheza wimbo wenye besi nzito, kisha tembea kwa magoti ukiufuata ukuta. Pale inaposikika nzito bila kuvuma, ihamishie hapo.