Watu Wenye Ualbino

Mji wa Lushoto uko juu ya milima ya Usambara, kiasi cha meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu ya ukungu na baridi watu wengi hudhani kuwa jua la huko halina ukali. Sivyo. Kadiri nchi inavyoinuka, ndivyo miale iunguzayo ngozi inavyozidi nguvu. Alijuaye sana jambo hili ni mtoto mwenye ualbino, aendaye kutafuta kuni bila kofia.

Ngozi ya watu ina rangi iitwayo melanini, nayo ndiyo kinga yao juu ya jua. Mwenye ualbino amezaliwa na upungufu wa rangi hiyo katika ngozi, nywele na macho. Hali hii huirithi kwa baba na mama pamoja; aghalabu wote wawili ni weusi, na kila mmoja amechukua urithi huo mwilini bila kujua. Basi hapana laana hapo, wala mama hakukosa neno. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watu 1,400 huzaliwa hivyo. Macho yake hayaoni mbali. Kwa hiyo akiketishwa nyuma darasani hasomi maandishi ya ubaoni, akadhaniwa kuwa mjinga. Ujinga ni wa aliyemketisha huko.

Zamani watu hao waliitwa zeruzeru, na wengi walisadiki kuwa hawafi, bali hutoweka tu. Maneno hayo yalionekana kuwa upuuzi usiodhuru. Lakini asiyehesabiwa kuwa mtu ni rahisi kutendwa lolote. Tangu mwaka 2006 hivi, hasa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, waganga waongo walieneza habari kwamba viungo vya miili yao huleta utajiri. Katika miaka iliyofuata waliuawa watu zaidi ya 70, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Njiani walizomewa "dili", yaani biashara ya fedha, na waliozomea wakacheka wakapita. Pengine hao hawakushika panga kamwe. Walakini neno lile lilisemwa mchana, mbele ya watu wazima, wala halikukemewa.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua kijana wa miaka 14, na mwaka 2015 waganga wapigao ramli walipigwa marufuku. Watoto wengi walikusanywa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wapate kulindwa. Walisalimika, lakini waliishi mbali na wazazi wao. Ukuta humzuia adui; haumbadili jirani. Na hatari haikwisha, maana mwaka 2024 mtoto wa miaka 2 aliuawa katika mkoa wa Kagera.

Huko Irente, karibu na Lushoto, Kanisa la Kilutheri lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1963, nayo imepokea pia watoto wenye ualbino. Wengine husoma katika shule za kawaida pamoja na wenzao, na hapo ndipo ilipo kazi ya wanafunzi. Chuki hii huanza kwa jina la mzaha, na mzaha hupoa upesi mwanafunzi mmoja akikataa kucheka, hasa akiwa mkubwa wa darasa. Wanafunzi wenye busara humwachia mwenzao nafasi ya mbele, humsomea ubao kwa sauti, na mpira huucheza jioni jua likiisha kupungua. Kurudi nyumbani kwa njia za makonde na misitu, hufuatana naye wawili watatu. Na mgeni akiulizauliza habari zake, anakaa wapi, analala na nani, hawamjibu. Mwalimu hupashwa habari siku ile ile, kabla ya jua kuchwa.