Woga wa mwandishi mbele ya kipaza sauti

XINTANG, Guangzhou – Huenda suruali ya jinzi uliyovaa leo ilishonwa katika mji huu. Xintang uko katika wilaya ya Zengcheng, mashariki ya Guangzhou, kando ya Mto Dongjiang. Tangu miaka ya 1980 mji huu umeishi kwa jinzi, na kwa miaka mingi zilikatwa, zikashonwa, zikatiwa rangi na kufuliwa hapa. Katika miaka ya kilele chake vyombo vya habari vilitaja zaidi ya suruali milioni 200 kwa mwaka.

Kila suruali hutoka na jina la kampuni. Jina la mama au dada aliyeishona halimo. Hilo halimshangazi mtu, kwa sababu mfanyakazi hatarajiwi kusema habari zake. La kushangaza ni kwamba hata mwanamke mwenye kalamu, ambaye kazi yake ni kusema, hushikwa na woga siku anapotakiwa asimame mbele za watu ajieleze yeye ni nani.

Ng'ambo ya Dongjiang, mkabala na Xintang, ni Dongguan. Huko ndiko alikofika Zheng Xiaoqiong mwaka 2001. Alizaliwa mwaka 1980 katika jimbo la Sichuan, akasomea uuguzi, kisha akaja kusini kutafuta riziki kama mamilioni wengine. Alifanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya chuma, mahali ambapo mtu huitwa kwa namba yake ya kazi. Mashine ilimuumiza kidole, na mashairi yake yakaanza kutoka katika maisha hayo.

Mwaka 2007 jarida la Renmin Wenxue, yaani Fasihi ya Umma, lilimpa tuzo kwa insha yake. Watu walitaka kumsikia msichana wa kiwandani akisimulia alivyopanda kutoka chini. Yeye akazungumzia vidole. Alisema zaidi ya vidole 40,000 hukatwa na mashine kila mwaka katika viwanda vya delta ya Mto Pearl, na kwamba maneno yake hayana nguvu ya kurudisha hata kimoja.

Alijisema, lakini hakujisema peke yake. Kidole chake kilikuwa kimoja tu katika hesabu hiyo. Mwaka 2012 alitoa kitabu cha mashairi juu ya wanawake wa viwandani, na mengi kati ya mashairi hayo yamepewa majina ya wanawake hao kuwa vichwa vyake. Waliozoea kuitwa kwa namba wakaitwa kwa majina.

Miaka kumi baada ya tuzo ile, Aprili 2017, mwanamke mwingine wa China aliyapata makubwa zaidi. Fan Yusu, mzaliwa wa mkoa wa Hubei, alikuwa yaya mjini Beijing. Aliandika habari za maisha yake, za mama yake na za binti zake, na insha hiyo ikachapishwa kwenye intaneti. Kwa muda mfupi ilisomwa na watu zaidi ya laki moja. Waandishi wa habari na wachapishaji wakamiminika kijijini Picun alikopanga chumba.

Hawakumkuta. Alituma ujumbe kwamba amejificha katika hekalu la kale milimani, kwa kuwa kukutana na watu kunamtia hofu. Aliyeweza kuandika ukurasa kwa ukurasa juu ya nafsi yake hakuweza kukaa mbele ya kamera akayarudia yale yale. Hata hivyo hakuacha kuandika, na mwaka 2023 kitabu chake kilitoka.

Msomaji wa pwani asidhani haya ni mambo ya Wachina tu. Sisi tunaye Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mumewe akafa mwaka 1870 na kumwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi.

Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika utangulizi anaeleza kwamba alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua asili yao, na kwamba kukitoa hadharani halikuwa kusudi lake la kwanza. Binti wa mfalme naye alisita.

Kwa nini basi? Kwetu mtu anayejisema sana huonekana ama anajivuna, ama anajianika. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mwanamke hufundishwa mapema kwamba ya nyumbani yabaki nyumbani. Kwa mkimbizi huongezeka jambo la tatu. Mimi nimewauliza watu maswali kwa zaidi ya miaka 20, na sijapata kutetemeka. Lakini ninapoombwa na akina dada wafanyabiashara wa hapa niwaeleze nilivyotoka nyumbani, koo hukauka. Nikitaja mji, nimemtaja mama. Nikitaja usiku ule, nimemtaja aliyenifungulia mlango, naye bado anaishi kule.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaotuambia kila siku kwamba woga ni udhaifu, uushinde, useme yote. Woga ni mlinzi. Kabla ya kumfukuza, muulize anamlinda nani.

Ikiwa anamlinda mama mzee au jirani aliyetenda wema, mtii, na jina hilo lisitoke kinywani mwako. Ikiwa anailinda heshima yako tu, isije ikajulikana kwamba uliwahi kulala na njaa, basi huyo unaweza kumwambia akae kando. Na ikiwa anamlinda yule aliyekudhulumu, huyo si mlinzi wako tena, amehamia kwake.

Zheng hakusema yote. Fan alichagua karatasi na kuikataa kamera. Salme alianza na watoto wake, dunia ikafuata baadaye. Kila mmoja alipima mwenyewe aseme nini, kwa nani na kwa njia gani, na hakuna aliyenyamaza kabisa. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema mwenye kuzaa azalie sokoni.

Dada zetu walioko ughaibuni, wa Guangzhou, wa Muscat, wa London, wengi wenu mnaandika kwenye madaftari ambayo hayajaonwa na mtu. Msingoje woga uishe, maana hauishi. Anzeni na msikilizaji mmoja mnayemwamini. Nanyi mlioko nyumbani, dada huyo akisimama kusema nanyi mkaona mikono inatetemeka, msicheke wala msimharakishe. Huenda anatafuta namna ya kuyaeleza yaliyomkuta pasipo kuwataja ninyi.