Lubumbashi: Taja miji yote unayojua – mchezo wa watoto unaoonyesha namna Wakongomani wanavyoijua nchi yao

Kalamu, kipande cha karatasi na saa ya simu: hivyo vinatosha. Mmoja anachagua herufi, wengine wanaandika haraka nchi, mji, mnyama na tunda vinavyoanza na herufi hiyo. Anayemaliza wa kwanza anapaza sauti, na wote wanaweka kalamu chini. Jibu lililoandikwa na watu wawili linapata pointi chache kuliko jibu la mtu mmoja peke yake. Kwa Kifaransa mchezo huu unaitwa "petit bac", na vijana wengi wa Lubumbashi wameucheza kabla hata ya kufungua kitabu cha jiografia.

Kwa upande wa miji, mtoto wa Kongo anabahatika ikichaguliwa herufi K. Kuna Kinshasa, Kisangani, Kananga, Kikwit, Kindu, Kalemie, Kamina, Kolwezi, Kabinda, Kenge, Kongolo, Kabalo, Kipushi, Kasenga na Kambove, na orodha bado haijaisha. Herufi B nayo ni tajiri: Bukavu, Bunia, Beni, Butembo, Boma, Bandundu, Boende, Buta, Bumba, Bukama. Shida inaanza kwenye Z. Hapo anayekumbuka Zongo, mji ulio kando ya mto Ubangi ukitazamana na Bangui, ndiye anayeondoka na pointi zote.

Mchezo huo una ndugu zake wakubwa. Mashuleni kuna "Génies en herbe", shindano la maswali kati ya timu mbili lililoanzia kwenye televisheni ya Radio-Canada mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha likaenea katika nchi zinazosema Kifaransa, Kongo ikiwemo. Kwenye intaneti kuna michezo kama Sporcle ya Marekani, au Seterra na GeoGuessr zilizoanzia Sweden. Baadhi ya michezo ya aina hiyo inampa mchezaji dakika chache tu: anaandika jina la mji, na kila jina sahihi linawasha alama kwenye ramani. Mwenye mega za kutosha kwenye simu anaweza kushindana na mtu aliye Paris au Nairobi.

Kwa mwanafunzi wa sekondari huo si mchezo tu. Jiografia ni sehemu ya mtihani wa utamaduni wa jumla katika Examen d'État, mtihani wa kumaliza masomo ya sekondari. Anayejua kwamba Boende ni makao makuu ya Tshuapa, na kwamba Inongo ni ya Mai-Ndombe, hapotezi pointi bure.

Reli kama kamba ya kumbukumbu

Wanaotaja miji mingi hawana lazima kichwa kikubwa kuliko wengine. Mara nyingi wana njia. Hawarushi majina ovyo ovyo, bali wanafuata kitu kinachopita nchini: mto, ziwa, barabara au reli.

Lubumbashi ina bahati hapo, kwa sababu mji wenyewe ulikua pamoja na reli. Treni kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa. Mwaka 1918 reli ikafika Bukama, mwaka 1928 ikafika Ilebo, na mwaka 1931 tawi la magharibi likaungana na reli ya Angola inayokwenda bandari ya Lobito. Mpaka leo shirika la reli la taifa, SNCC, lina makao yake makuu Lubumbashi.

Anayefumba macho na kupanda treni hiyo kwa mawazo anaanza mpakani Sakania, anapita Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Tenke, anashuka Bukama, anaendelea Kamina, Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu, Kananga, Mweka, mpaka Ilebo. Akibadilisha treni pale Tenke, anapata Kolwezi, Mutshatsha, Kasaji na Dilolo. Akibadilisha Kamina, anapata Kabongo na Kabalo; toka hapo anaweza kwenda Kongolo na Kindu, au kugeukia Nyunzu na Kalemie. Hiyo ni zaidi ya miji na vituo ishirini, na bado hajagusa mto.

Mto nao una yake. Toka Bukama, Lualaba inampeleka Malemba-Nkulu, Kabalo, Kongolo, Kindu na Ubundu. Baada ya Kisangani kuna Basoko, Bumba, Lisala, Mbandaka, Kinshasa, halafu Matadi na Boma kabla ya bahari.

Jina la zamani, jina la sasa

Nyumbani kwa wazee, mchezo unageuka kuwa mjadala. Mjukuu anasema Likasi, babu anakumbuka Jadotville. Mjukuu anasema Kalemie, bibi alizaliwa Albertville. Je, hiyo ni miji miwili au mmoja? Kwa mwamuzi wa shindano ni mmoja, lakini kwa historia ya familia ni zaidi ya mmoja.

Lubumbashi yenyewe iliitwa Élisabethville, kwa heshima ya Élisabeth, mke wa mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji. Mwaka 1966, chini ya Mobutu, ilichukua jina la mto wake. Mwaka huo huo Léopoldville ikawa Kinshasa, na Stanleyville ikawa Kisangani. Coquilhatville leo ni Mbandaka, Luluabourg ni Kananga, Paulis ni Isiro, Banningville ni Bandundu, Thysville ni Mbanza-Ngungu, Port-Francqui ni Ilebo, Baudouinville ni Moba. Bukavu ilikuwa imeshaacha jina la Costermansville hata kabla ya uhuru.

Majimbo nayo yalibadilika. Katanga iliitwa Shaba kwa zaidi ya miaka ishirini, ikarudishiwa jina lake mwaka 1997. Mwaka 2015 nchi ikatoka majimbo 11 ikafika 26, na Katanga ikagawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kitabu kilichochapwa kabla ya hapo kinamfundisha mtoto ramani ambayo haipo tena. Shule isiyo na vitabu vipya inaandaa wanafunzi kwa nchi ya jana, na kosa linaonekana siku ya mtihani.

Mji ni nini, na nani anahesabu?

Michezo mingi ya intaneti inapanga miji kwa idadi ya watu. Kwa Kongo hapo pana tatizo kubwa. Sensa ya mwisho ya watu ilifanyika mwaka 1984, wakati nchi ilikuwa na watu karibu milioni 30. Leo makadirio yanapita milioni 100. Idadi zote zinazotolewa kuhusu Lubumbashi, Mbuji-Mayi au Goma ni makadirio. Ndiyo maana orodha moja inaweka Lubumbashi nafasi ya pili nyuma ya Kinshasa, na nyingine inaweka Mbuji-Mayi hapo. Hakuna anayeweza kumaliza ubishi huo kwa kuonyesha hesabu ya kweli.

Sheria nayo inategemea hesabu. Kwa sheria ya Oktoba 2008 juu ya mamlaka za mashinani, makao makuu ya jimbo ni mji moja kwa moja. Kwingine, mahali panapaswa kuwa na wakaaji wasiopungua 100.000, vifaa vya huduma kwa watu wote, na amri ya waziri mkuu, ndipo paitwe mji. Hilo linagusa maisha: mji una meya, bajeti na kodi zake. Pasipo sensa, mahali panaweza kujaa watu miaka na miaka na bado pakabaki kijiji kwenye karatasi.

Kuna pia majina yanayojulikana ulimwenguni bila kuwa miji. Shinkolobwe, karibu na Likasi, haiwezi kuonekana kwenye orodha ya miji mikubwa. Lakini uranium iliyotoka huko ilitumika katika mpango wa Marekani uliotengeneza bomu la Hiroshima la mwaka 1945.

Majina yaliyofundishwa na biashara, na yaliyofundishwa na vita

Kila mtu ana ramani yake kichwani. Dereva wa magari makubwa wa Lubumbashi anaweza kukwama kwenye miji ya Équateur, lakini ukimuuliza njia ya Dar es Salaam anakutajia bila kupumua: Kasumbalesa, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, mpaka Nakonde na Tunduma. Mfanyabiashara wa samaki anajua Kasenga na Pweto. Mtu wa migodi anajua Kambove, Fungurume na Kolwezi.

Majina mengine yalifika kwa njia ya uchungu. Kolwezi ilijulikana ulimwenguni mwaka 1978 kwa sababu ya vita vya Shaba. Leo mtoto wa Katuba ambaye hajawahi kufika Kivu anajua Bunagana, Sake na Rubaya kwa sababu redio inazitaja kila siku. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, Bukavu mwezi Februari. Mtoto anayeandika majina hayo mawili kwenye karatasi anapata pointi zake, lakini huenda amesahau kwamba kabla ya kuwa habari za vita, hiyo ni miji yenye soko, shule na watoto wanaocheza mchezo kama wake.

Kuanzia karibu

Kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuanza, ngazi ipo tayari. Kwanza mitaa saba ya Lubumbashi: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Mgeni huchanganya mtaa wa Kenya na nchi ya Kenya, na swali hilo huchekesha kila mara. Pili, wilaya sita za Haut-Katanga: Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Tatu, wilaya zote 22 za Katanga ya zamani. Nne, majimbo 26 na makao makuu yake.

Hakuna haja ya intaneti kwa hayo. Karatasi inatosha, na mzee anayekumbuka majina ya vituo vya treni. Kisha, kila jina linapotajwa, aulizwe pia swali la pili: huko wanaishi akina nani, na njia ya kwenda inapita wapi?