Ziwa Nakuru: Mbuga iliyo mlangoni, na somo la maji linalomsubiri mwenyeji

KUTOKA katikati ya jiji la Nakuru hadi lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru ni mwendo wa kilomita chache tu. Mtu akiabiri bodaboda karibu na soko hufika huko hata kabla ya nusu saa kupita.

Hata hivyo, wapo wakazi wengi waliozaliwa Kivumbini, Bondeni au Lanet, wakasomea na kuolea papo hapo, ilhali hawajawahi kuuvuka ua wa umeme unaotenganisha mitaa yao na makao ya vifaru. Wageni hukata bahari kuja kuyaona yale ambayo mwenyeji huyapa kisogo kila asubuhi akielekea kazini. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba penye miti hapana wajenzi.

Mbuga hii yenye ukubwa wa kilomita 188 mraba yaweza kuzungukwa kwa siku moja, na jioni msafiri akalala kwake. Zaidi ya burudani, safari hiyo humwonyesha mwenyeji jambo ambalo si rahisi kulitambua akiwa mtaani: kila tone linalotoka milimani na katika mitaro ya jiji hatima yake ni ziwa hili.

Kujiandaa

Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na inafaa msafiri awe langoni saa hiyo. Simba na chui huonekana kwa urahisi zaidi kabla ya jua kuwa kali. Baadaye hujificha vichakani au, kwa upande wa chui, juu ya matawi ya migunga.

Ada hulipwa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, wala si kwa pesa taslimu. Mwananchi hutozwa kiasi kidogo kuliko mgeni kutoka nje ya nchi, hivyo asisahau kitambulisho chake. Kwa kuwa hairuhusiwi kutembea kwa miguu miongoni mwa wanyama, wasio na gari wanaweza kuchanga pesa na kukodi matatu. Gharama ikigawanywa kati ya watu kumi na wanne, mzigo huwa mwepesi.

Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zilipigwa marufuku katika mbuga zote nchini tangu Juni 5, 2020. Maji yabebwe katika chombo cha kurudi nacho nyumbani. Aidha, madirisha yafungwe penye nyani, kwani mnyama huyo huweza kunyakua mfuko wa chakula kabla mwenyewe hajatanabahi.

Vifaru na ua

Kivutio kikuu cha nchi kavu ni kifaru. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, majangili walikuwa wamewapunguza hadi chini ya 400. Ndipo mwaka 1987 serikali ikaigeuza Mbuga ya Ziwa Nakuru kuwa hifadhi ya vifaru na kuizungushia ua wa umeme. Leo idadi ya vifaru weusi nchini imepita 1,000, na Nakuru ni miongoni mwa vitalu vilivyochangia ufanisi huo.

Wengi hudhani kuwa kifaru mweusi na mweupe hutofautiana kwa rangi. Wote wawili ni wa kijivu, na tofauti imo mdomoni. Kifaru mweupe ana mdomo mpana wa kulia nyasi, naye huonekana mara nyingi kwenye mbuga wazi kando ya ziwa. Kifaru mweusi ana mdomo uliochongoka wa kukwanyulia majani ya vichaka, na kwa hiyo hukaa msituni na ni adimu kuonekana.

Nyati, punda milia, kuro, swala na ngiri wamejaa tele. Wapo pia twiga wa aina ya Rothschild walioletwa mwaka 1977 kutoka eneo la Soy, karibu na Eldoret. Ndovu hayupo, na msafiri asipoteze muda kumtafuta.

Ua huo una pande mbili. Unawakinga wanyama dhidi ya majangili na kuwakinga wakulima dhidi ya wanyama. Lakini pia unawafungia: ukame ukizidi au malisho yakipungua, hawana pa kuhamia. Maji ya ziwa yana magadi, hivyo wengi wao hutegemea chemchemi pamoja na mito ya Njoro, Makalia na Nderit.

Umuhimu wa maji matamu kwa kifaru ulidhihirika kwa uchungu Julai 2018. Vifaru weusi 11 waliohamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki walikufa, na uchunguzi ukabaini kuwa maji yenye chumvi nyingi waliyoyakuta huko ndiyo yaliyowadhuru wengi wao.

Heroe wamekwenda wapi?

Swali la kwanza la karibu kila mgeni huwa ni heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo. Zamani, katika misimu mizuri, zaidi ya milioni moja walikusanyika hapa na kuufanya ufuo wote uonekane kama uliotandikwa kanga ya waridi. Siku hizi huenda msafiri akawaona wachache tu, na sababu yake inafaa kueleweka.

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mvua na mito, kisha huondoka kwa njia ya mvuke, yakiacha madini nyuma. Ndiyo maana lina magadi. Katika magadi hayo humea mwani mdogo mno, ambao ndio chakula cha heroe mdogo na ndio unaompa rangi yake.

Tangu mwaka 2010 maji yamekuwa yakipanda. Ziwa lililokuwa na takriban kilomita 40 mraba mwaka huo lilikuwa limepita kilomita 60 mraba kufikia mwaka 2020. Maji mengi yaliyazimua magadi, mwani ukapungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Kwao hilo si ajabu, kwani ni ndege wa kuhamahama ambao hata mayai yao huyataga hasa katika Ziwa Natron, Tanzania. Chakula kikirejea, nao hurejea.

Badala yao, wanaotawala sasa ni mwari, furukombe na ndege wengine walao samaki. Samaki wa kwanza walitiwa ziwani miongo mingi iliyopita ili wale viluwiluwi vya mbu.

Kutazama kutoka juu

Adhuhuri ni vyema kupanda kwenye jabali la Baboon Cliff, mojawapo ya mahali panaporuhusiwa kushuka garini. Kutoka hapo ziwa lote huonekana, na hadithi yake husomeka bila mwalimu.

Kando ya maji ipo miti ya migunga iliyokauka ikiwa imesimama wima, mashina yake yamo ziwani. Huo ulikuwa msitu. Lango kuu la zamani na ofisi zake pia zilimezwa, ikabidi lango jipya lijengwe na barabara nyingine zichongwe. Nje ya ua, familia za Barut na Mwariki zilipoteza nyumba na mashamba.

Mvua nyingi ndiyo sababu kuu inayotajwa na wataalamu. Hata hivyo, mvua hiyo ilinyesha juu ya ardhi iliyovuliwa nguo. Mito inayolilisha ziwa huanzia Mau Mashariki, ambako mwaka 2001 serikali iliondoa karibu hekta 35,000 katika msitu uliohifadhiwa. Penye miti, mvua huzama ardhini na kutiririka polepole mwaka mzima. Ikishakatwa, maji hushuka kwa pupa yakibeba udongo, nao udongo huo hutua ziwani na kuinua sakafu yake.

Ukitazama kaskazini kutoka jabalini, mapaa ya mabati ya jiji hung'aa karibu mno. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, imo ndani ya bakuli lilelile. Mfuko unaotupwa mtaroni mtaani, mafuta yanayomwagwa gereji, majitaka yanayofurika msimu wa mvua, vyote huteremka hadi kwa heroe na mwari. Na kwa kuwa ziwa halina pa kutokea, hukaa humo humo.

Kumaliza siku

Alasiri yaweza kumalizikia katika maporomoko ya Makalia, kusini mwa mbuga. Maporomoko hayo ni kipimo cha hali ya milima: msimu wa mvua hunguruma yakiwa na rangi ya udongo, na wakati wa kiangazi hupungua na kuwa uzi mwembamba. Baada ya hapo ni kurejea langoni kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Ziwa hili liliorodheshwa miongoni mwa maeneo oevu ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, la kwanza nchini Kenya, na mwaka 2011 likatiwa katika urithi wa dunia pamoja na Elementaita na Bogoria. Lakini heshima hizo hazizibi mtaro wala hazipandi mti. Kazi hiyo ni ya wanaoishi juu yake, na ni vigumu kukilinda kitu ambacho mtu hajawahi kukiona. Siku moja ndani ya ua ule ni mwanzo mwema.